Kizungu cha Mama Mbinya na Mkwewe

Mama Mbinya, ambaye jina lake hasa lilikuwa Kalunde, alikuwa mtu wa kuogopa. Sisemi hivyo kumcheka, ingawa nilimcheka sana enzi zetu. Aliogopa friji ikinguruma. Aliogopa pasi yangu ya umeme, akapita mbali nayo hata ikiwa imezimwa. Malori ya barabara ya Mombasa aliyaogopa akiwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa. Lakini kuliko vyote aliogopa vitu viwili, Kizungu na mkwewe, na Mungu akapanga avipate vyote viwili mahali pamoja pa kazi.

Mahali penyewe ni Kiboko, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kituo cha utafiti wa kilimo kilikuwa na nyumba ya wageni, na sisi wanawake wachache tuliajiriwa kuwatunza wataalamu waliokuja kutazama nyasi na ng'ombe. Mimi, Mutindi, nilikuwa wa kufua na kupiga pasi. Kalunde alikuwa wa mezani. Mumewe alikuwa ameshakufa, na katika watoto wote aliowazaa alibaki na Mbinya peke yake. Mbinya alikuwa ameolewa na Ndolo, dereva wa Land Rover ya kituo.

Msimamizi wetu aliitwa Madam Nthenya, mwanamke wa Tawa aliyewahi kufanya kazi katika hoteli ya Nairobi na hakutuacha tusahau. Kila Jumamosi alitupanga mstari jikoni kama watoto wa Sunday school, madereva pia, kwa sababu wao ndio waliowabebea wageni masanduku. Yeye anatangulia, sisi tunaitikia. "Can I help you?" Hiyo ni ya mtu anayeingia mlangoni. "Let me carry that for you." Hiyo ni ya mwenye mzigo. "Don't worry, I'll do it." Hiyo ni ya mtu aliyemwaga chai na sasa anatafuta kitambaa. "Is there anything else?" Hiyo ni ya mtu aliyemaliza kula lakini bado anakutazama.

"Madam," Kalunde aliuliza siku ya kwanza, "kwani mtu amebeba kuni, utamwuliza kama umsaidie? Si unaona mwenyewe amelemewa? Unapokea tu."

"Huyo ni Mkamba mwenzako," akasema Madam. "Mzungu anaulizwa kwanza. Ukishika sanduku lake bila kumwuliza, atafikiri unamwibia."

Hapo basi Kalunde akaanza kuogopa hata masanduku. Aliyakariri maneno yale usiku na mchana. Nilimsikia akiwaambia kuku, akiiambia sufuria ya uji. Alijua kila moja ni la wakati gani, na akitamka, sauti yake ilibadilika ikawa nyembamba na ya adabu. Mikono yake tu ndiyo iliyomsaliti, vikombe vilikuwa vinagongana kwenye trei kabla hata hajafika mezani.

Sasa kuhusu mkwewe. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, ni aibu, na ni woga ndani yake, vyote pamoja. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawaongei. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mpaka mwingine apite. Mhubiri wetu alisema kanisani kuwa hayo ni mambo ya kale, na Kalunde akasema amina kwa sauti, kisha ibada ilipokwisha akatokea mlango wa nyuma ili asikutane na Ndolo. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba nthoni ikivunjwa, hasara haiendi kwa waliovunja. Inaenda kwa uzazi wa yule aliye katikati yao.

Aliyekuwa katikati ni Mbinya, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Niliwahi kwenda na Kalunde kumtembelea. Sisi tulikaa jikoni, Ndolo akakaa nje kwenye kivuli cha ukuta uleule.

"Mwaitu," Mbinya akamwambia mama yake, "anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Anasema amekula."

Ukuta ulikuwa wa udongo na ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono! Wangeweza kusikiana wakitafuna. Nilicheka mpaka Kalunde akanifinya, na Mbinya naye alikuwa anacheka huku akiendelea kupeleka na kurudisha maneno.

Msiba wa kwanza ulianzia mezani. Wageni wakubwa walikuwa wamekuja, na Madam Nthenya alikuwa amesimama kona akitutazama kwa macho yake yale ya hoteli. Kalunde alikuwa anatoka na trei iliyojaa vyombo. Mlango ukafunguliwa, akaingia Ndolo na sanduku la mgeni begani. Wakawa uso kwa uso. Kichaka cha kuingia hakikuwepo. Madam akakohoa. Sheria yake ilikuwa kwamba kila anayeingia aulizwe, hata awe mbuzi.

"Can I help you, sir?" Kalunde akasema huku anatazama sakafu.

"No, thank you, madam," Ndolo akajibu huku anatazama dari. Kisha, kwa kuwa mazoezi ya Jumamosi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, akaweka sanduku chini na kuongeza, "Let me carry that for you." Akaichukua ile trei mikononi mwake.

Wageni walifurahi. Madam alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nilikuwa dirishani nimejiziba mdomo kwa shuka. Lakini Kalunde alikuja kwenye chumba cha pasi akakaa sakafuni.

"Nimeongea na yeye, Mutindi. Ameshika kitu kutoka mkononi mwangu."

"Ilikuwa Kizungu, Mama Mbinya. Kizungu si maneno, ni kazi."

"Unajua hivyo aje?"

Nilikuwa sijui. Nilisema tu. Na kabla ya mvua kufika, Mbinya, aliyekuwa na mimba ya kwanza, akaipoteza. Alikuwa mtoto wa kiume. Kalunde hakulia mbele ya watu. Alininong'oneza tu tukiwa tunaanika mashuka. "Ni ile 'sir', Mutindi. Ile 'sir' ndiyo imemuua."

Sikuweza kumtoa kwenye fikira hiyo. Nilimwambia mimba hutoka kwa wengi, nikamtajia hata za kwangu. Alinisikiliza kwa adabu, na kuanzia siku hiyo, akisikia Land Rover inaingia, aliacha chochote alichoshika akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Madam alimkaripia na kutishia kumfukuza. Kalunde akasema heri afukuzwe. Madam si jiwe, na akaacha.

Mbinya akashika mimba nyingine. Safari hii Kalunde alifunga kula kila Ijumaa, akaomba kanisani, na akahesabu njia zote za kituo ili ajue Ndolo anapita wapi saa ngapi. Tumbo lilikua. Nilianza kumtania kwamba mtoto atazaliwa akiwa na nthoni hata kwa mama yake mwenyewe. Hakucheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya Novemba, adhuhuri, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima wakati kwetu jua linawaka. Mbinya alikuja jikoni kunywa mchuzi kwa mama yake, kama alivyozoea. Alikaa kwenye kiti, akashika bakuli, kisha akaliweka chini polepole. "Mwaitu," akasema, "kuna kitu." Tulitazama chini ya kiti. Ilikuwa damu, na wakati wake wa kuzaa ulikuwa bado.

Madam Nthenya mwenyewe alikimbia kumwita Ndolo, na viatu vyake vya kisigino viliachwa njiani. Hospitali ya misheni ilikuwa upande wa milima, kwa barabara ya murram, isiyo na lami, iliyovuka mto wa mchanga. Tulimlaza Mbinya kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake. Kalunde alijifunika khanga kichwani mpaka puani. Ndolo alishika usukani bila kugeuka. Nilitaka kupanda, lakini gari lilikuwa limeshaondoka. Hakuna aliyeona nthoni kuwa tatizo wakati ule, maana Mbinya alikuwa katikati yao kama kawaida, anaongea. Yaliyofuata Kalunde alinieleza mara nyingi, na kila mara alishika mkono wangu mpaka ukauma.

Mwanzoni mambo yalienda. "Mwaitu, anasema ushike vizuri, kuna shimo." "Mwambie aendeshe." Damu ilikuwa haikomi. Kalunde alikunja mtandio, akaukandamiza, ukalowa, akafungua leso ya kiunoni, nayo ikalowa. Sauti ya Mbinya ilizidi kuwa ndogo. "Mwaitu, anasema tumekaribia mto." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho ndani ya gari.

Mto ulikuwa mkavu walipoingia. Mchanga mweupe, na kwato za ng'ombe zikiwa zimeuchora. Lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, na kila mtoto wa Ukambani anajua maana yake. Gari lilifika katikati, likazama magurudumu ya nyuma. Ndolo alikanyaga mafuta, likazama zaidi. Alizima injini. Katika ule ukimya wakasikia mvumo kutoka juu, mbali, mzito, na ndege wakaruka kutoka kwenye miti ya ukingoni wote kwa pamoja.

"Mbinya," Ndolo akasema, macho yake mbele, "mwambie mama tushuke."

Mbinya hakujibu.

"Mbinya. Mwambie mama maji yanakuja."

Kalunde alimtazama mwanawe. Macho yalikuwa yamebaki wazi kidogo na hayakuwa yanatazama kitu. Akajaribu yeye sasa. "Mbinya, mwambie..." Akashindwa kumaliza. Aliniambia ilikuwa kama kumtuma maiti. Alihisi kwamba akilitaja jina lile mara moja zaidi na lisiitikiwe, basi itakuwa ndiyo imeisha.

Sasa fikiria woga wa mtu huyu. Akifungua mdomo kuongea na mkwewe, mtoto aliye tumboni atakufa kama yule wa kwanza. Hilo alikuwa na hakika nalo kama alivyokuwa na hakika na jina lake. Akinyamaza, Mbinya atakufa hapo mapajani mwake, na maji yatawachukua wote. Mvumo ulikuwa unakaribia. Utando wa maji mwembamba, wa rangi ya chai, ulikuwa umeshaanza kuteleza juu ya mchanga na kuzunguka magurudumu.

Ndolo alishuka. Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akasimama amewapa mgongo. Kalunde aliona shati lake linatetemeka mabegani, na ndipo akajua kuwa kijana naye anaogopa kama yeye, pengine zaidi, maana ni mke wake na ni mtoto wake. Ndolo akasafisha koo. Ikatoka ile sauti ya Jumamosi, nyembamba, ya adabu.

"Can I help you, madam?"

Kalunde alifumba macho. Aliniambia aliwaona wote wawili gizani, yule mtoto aliyepotea na huyu ambaye bado. Akawaomba msamaha. Kisha akajibu.

"Yes, please."

"Let me carry that for you."

Hayo yalikuwa maneno ya masanduku. Hawakuwa na mengine. Ndolo aligeuka huku ameinamisha kichwa, akaingiza mikono chini ya mgongo wa Mbinya, na Kalunde akashika miguu. Vidole vyao vikagusana chini ya nguo iliyolowa damu. Kalunde alisikia ule mguso mpaka kwenye meno. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo, baridi, yamebeba vijiti na mavi ya mbuzi. Wakaanza kutembea.

Katikati ya mto mguu wa Kalunde ulizama, akaangukia magoti. Khanga ikamtoka kichwani ikachukuliwa. Alikuwa sasa kichwa wazi mbele ya mkwewe, maji yakiwa kiunoni, na kwa hofu akaiachia miguu ya Mbinya.

"Don't worry," Ndolo akasema, na sauti ilikuwa inakatika kwa kilio. "Don't worry, I'll do it." Akamtupa Mbinya begani kama gunia, akanyoosha mkono wake wa pili nyuma bila kutazama. Mkono mtupu, umefunguka, unangoja.

Kalunde akaushika.

Alinieleza kwamba hajawahi kuogopa kitu kama alivyoogopa mkono ule. Maji aliyasahau. Mvumo aliusahau. Alikuwa anawaza tu kwamba sasa hakuna kilichobaki cha kuvunja. Ndolo akamvuta mpaka ukingoni, wakapanda kwa magoti, na nyuma yao mto wenyewe ukashuka, mwekundu, na miti ndani yake. Land Rover ilipinduka mara moja na kutulia kwa ubavu.

Baada ya hapo walimbeba Mbinya wakipanda barabara, na Kizungu kikaendelea kwa sababu hakikuwa na pa kusimama. Kila walipochoka, mmoja aliuliza, "Can I help you?" na mwingine akajibu, "Yes, please." Hawakutazamana. Kalunde alilia muda wote huku akitamka maneno yote kwa usahihi ambao Madam Nthenya hajawahi kuupata kwetu.

Kwenye kona walikutana na lori la Muktar, mfanyabiashara wa mbuzi, lililokuwa linateremka. Muktar aliona hali yao, hakuuliza chochote, akageuza lori na kuanza kushusha mbuzi kando ya barabara. "Mpandishe hapa nyuma," akamwambia Ndolo. "Mama, wewe ingia umshike." Kalunde alisema hajawahi kupenda Kiswahili kama siku ile. Sasa alikuwepo mtu wa tatu, anaongea na kila mmoja wao, na Kizungu kikanyamaza.

Hospitalini Mbinya aliingizwa ndani, na pazia likafungwa. Kalunde alikaa kwenye benchi la ukumbini, amefunikwa shuka alilopewa, uso wake ukutani. Ndolo alisimama mwisho kabisa wa ukumbi, naye ametazama ukuta mwingine. Kalunde alianza kuahidi mambo. Atatoa mbuzi wa kusafisha nthoni, kama walivyofanya wazee. Ataacha kazi. Atahama Kiboko. Kisha akawaza kama mababu walio chini ya udongo wanajua Kizungu, na akajiambia kuwa huenda hawajui, na mara ileile akajiambia kuwa siku hizi hata wao wamesoma.

Mtoto alisikika kwanza. Kilio chembamba, cha hasira. Sista alitoka, akasema ni msichana, mdogo lakini ana nguvu. Kalunde hakusimama. Aliitikia kwa kichwa tu na kuendelea kuutazama ukuta, kwa sababu alikuwa amefanya hesabu nyingine: kama mtoto amepona, basi deni limehamia kwa mama. Aliuliza, "Na mwingine?" Sista akasema amepoteza damu nyingi, wamemwongeza, hajafumbua macho. Wangoje.

Walingoja. Kalunde aliona kivuli cha mguu wa Ndolo sakafuni, kinatetemeka, kinatulia, kinatetemeka tena. Jua lilishuka kwenye madirisha. Sista akarudi na kuwaambia waingie wote wawili, na Kalunde akajua maana ya kuitwa wote wawili. Aliingia akiwa ameshika ukuta.

Mbinya alikuwa amelala, midomo haina rangi, mtoto amewekwa ubavuni mwake. Kalunde alisimama kichwani, akampa Ndolo mgongo. Ndolo alibaki mlangoni, akatazama nje. Hakuna aliyethubutu kulitaja jina. Mtoto akapiga chafya.

Macho ya Mbinya yakafunguka. Yalizunguka polepole, yakamwona mtoto, yakaenda mpaka mlangoni kwa mumewe, yakakaa hapo. Ndolo hakuwa amesema kitu. Macho yakarudi juu, kwa mama yake, na midomo ile ikajaribu, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Mwaitu," akasema. "Anauliza kama umekula."

Kalunde hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Mwambie nimekula."